Mshipa Katikati ya Doa

Wifi yangu alikuwa msusi, na mtaa mzima ulimwita Vidole. Jina hilo alipewa na wateja. Ungekaa kwenye kiti chake asubuhi kichwa kikiwa kichaka, na kabla jua halijawa kali ungeinuka umesukwa nywele zote, mistari imenyooka kama imepigwa kwa rula, wala hukuhisi kuvutwa. Alisuka huku macho yake yakiwa mlangoni, anabishana na muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, anacheka, na vidole vinakwenda vyenyewe.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na duka la dawa. Viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, mashine ya kukausha nywele ile ya kofia, na sinki. Sinki hilo ndilo lililomleta kwetu. Kaka yangu ni fundi bomba. Aliitwa kubadilisha mpira wa koki, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini akawa harudi nyumbani bila kupitia pale. Mama akamuuliza, "Hilo sinki lina maradhi gani yasiyopona?" Kaka akajibu bado linavuja. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Mimi na yeye hatukupatana mara moja. Nina ulimi, naye alikuwa na wake. Lakini alinizoea, nikamzoea, ikafika mahali kaka akawa analalamika kwamba ameoa mke mmoja, akaletewa wapelelezi wawili.

Maradhi yalimjia kwa kunyata. Mwanzo alisema anahisi kama amevaa soksi nene ilhali yuko pekupeku. Tukamcheka. Kisha ikawa kila akisimama karibu na ile mashine ya kukausha, joto likimpanda, jicho la kushoto linaingia ukungu. Akitoka nje akapigwa na upepo, ukungu unaondoka. Akasema ni uchovu. Nani hachoki? Msusi husimama kutwa.

Siku moja alimsuka karani wa benki, mteja wake wa tangu zamani. Yule dada akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja nywele zilikuwa zimekaa sawasawa. Upande wa pili zimelegea, mstari umepinda, nyingine zimeachiwa njiani.

"Vidole," akamwambia kwa upole, "leo umelala?"

Wifi akacheka, akaomba radhi, akafumua, akasuka upya. Mteja alipoondoka alinivuta nyuma ya pazia. Akachukua sindano ya kushonea nywele, akajichoma ncha ya kidole cha shahada. Damu ikachuruzika. Uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Hiki si changu."

Hospitali ya kwanza ilimpiga picha ya ubongo. Daktari wa pale, mwanamume mwenye haraka zake, aliiinua picha kwenye mwanga akatuonyesha madoa meupe yaliyotapakaa. "Hivi ni viharusi vidogo vidogo," akasema. "Mishipa ya damu imechakaa mapema. Ni presha." Kweli presha yake ilikuwa juu siku hiyo, lakini nani anaambiwa ubongo wake una madoa halafu presha yake ikabaki chini? Akaandikiwa vidonge vya presha na vya kufanya damu iwe nyepesi, akaambiwa aache chumvi.

Aliiacha. Kwa miaka minne alikula chakula chapwa kama mfungwa, na kaka akala hivyo hivyo ili mwenzake asile peke yake. Ugonjwa ulikuwa na hila. Ungemwangusha wiki mbili tatu, mkono haushiki hata kitana, kisha ungemwachia. Ukimwachia, tunasema dawa zimeshika. Ukirudi, mama anawashuku majirani kwamba wamemtilia chumvi. Lakini kila uliporudi uliondoka na kitu ambacho hakikurejeshwa. Mara ya kwanza uliondoka na usikivu wa vidole vya mkono wa kushoto. Mara nyingine ukaondoka na mwendo. Akawa anatembea ametanua miguu, bega linagusa kuta.

Muuza gesi wa kona akamtania mbele za watu, "Mama, asubuhi yote hii umeshapata moja?" Watu wakacheka. Wifi alifika nyumbani akaketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati.

"Afadhali ningekuwa mlevi," alisema. "Ningeacha."

Saluni ikafungwa. Wateja walimfuata nyumbani kwa muda, kwa huruma zaidi kuliko kwa shida ya nywele, na yeye huruma ile aliitambua, akawafukuza. Hata kichwa chake mwenyewe kikamshinda. Jioni kaka alikuwa anarudi, anaosha mikono iliyozoea spana na gundi ya mabomba, anaketi nyuma yake kitandani na kujaribu kumsuka. Wifi akiniona mlangoni ananiita: "Njoo umwone kaka yako. Ananikaza kama bomba la choo." Tulicheka sote watatu. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baada yake kilipita kipindi kirefu bila kingine.

Alipoanguka bafuni akapasua paji la uso, tukampeleka hospitali kubwa kushonwa, na huko daktari wa zamu akamwita mwenzake wa magonjwa ya neva. Alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Aliacha paji la uso akaanza na magoti, akayagonga kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo, akamwambia afuate kidole kwa macho. Halafu akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

"Ukipata joto, macho yanabadilika?"

"Ndiyo."

"Ukiinamisha kichwa hivi, kidevu kikaelekea kifuani, unahisi kitu mgongoni?"

Wifi alinigeukia, kisha akamrudia daktari. "Kama nimeshika waya wa umeme. Nani amekuambia?"

"Maradhi ndiyo huniambia," daktari akajibu. Akaomba ile picha ya zamani, akaitazama muda mrefu. "Mimi sina hakika kwamba haya ni madoa ya kiharusi."

Kaka alisimama. "Miaka minne, daktari."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kubahatisha." Akatueleza taratibu, na alipoona hatujaelewa akaeleza tena. Picha ya zamani ilionyesha madoa, lakini haikuonyesha kilichomo ndani ya doa. Siku hizi mashine ya sumaku yenye nguvu inaweza kupiga kwa namna ambayo hata mshipa mwembamba kabisa wa damu unaonekana. Madoa yanayoletwa na presha mara nyingi hayana mshipa katikati. Lakini yapo maradhi mengine ambayo madoa yake mengi huota kuuzunguka mshipa. "Nataka kutazama katikati ya madoa," alisema.

Niliruhusiwa kuingia naye kwenye chumba cha mashine baada ya kuvuliwa hereni, pete, saa na mkanda. Chumba kilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi wifi alisema jicho lake linaona vizuri. Wakamlaza, wakamfunika uso kwa kitu kama kizimba cha plastiki, wakampa masikioni vizibo. Kabla hajasukumwa ndani akaniita.

"Wifi, nishike mguu."

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika kwa mikono miwili."

"Basi uwe unasema, maana sisikii kitu."

Mashine ikaanza. Ilikuwa inagonga kama watu wanaovunja ukuta, ikitulia inalia kama king'ora, na mimi nimeshika mguu ule napiga kelele, "Nimeshika! Nimeshika!" nami mwenyewe sijisikii. Mguu ulikuwa wa moto mikononi mwangu. Kisha ukaruka wenyewe, kama samaki aliyetolewa majini. Mashine ikanyamaza, na sauti ya mpiga picha ikatoka ukutani.

"Mama, umetikisika. Picha za mishipa zinataka utulivu kabisa. Tunarudia."

"Si mimi," sauti ikatoka ndani ya tundu. "Ni wenyewe."

Wakarudia. Ukaruka tena. Mpiga picha hakuwa mtu mbaya. Aliingia, akaweka mito, akafunga magoti kwa mkanda mpana, akamwambia apumue polepole. Mara ya tatu niliulalia mguu kwa kifua changu chote, nikauminya kwenye godoro. Uliruka chini yangu kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Ndani ya tundu nilisikia, mashine ilipokuwa inabadilisha mlio, wifi akiubembeleza: "Tulia. Tafadhali tulia. Nakuomba, tulia." Alikuwa anausemesha mguu wake kama mtu anayemwomba askari.

Picha ikapatikana.

Daktari alituita watatu, akaigeuza kompyuta tuione. Ubongo ulikuwa wa kijivu, madoa yana weupe hafifu. Akalikuza moja. Katikati yake ulipita mstari mweusi, mwembamba, umelikata doa toka upande hadi upande. Akakuza la pili. La tatu. Karibu kila doa alilofungua lilikuwa na mstari wake.

"Unywele," wifi akasema.

"Ni mshipa wa damu," daktari akasema. "Na ulivyojitokeza kwenye madoa mengi hivi, pamoja na macho, joto na ule umeme wa mgongoni, hiki si kiharusi. Walinzi wa mwili wako, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wametoka kwenye damu kupitia kando ya mishipa hii, wakaingia kwenye ubongo, wanakula ganda linalofunika neva." Akataja jina la ugonjwa. Ni refu, wenyewe hospitalini wanalifupisha, wanasema em-esi.

Akatuonyesha na picha nyingine, hii ya rangi, inayopima mwendo wa damu ubongoni. Sehemu kadhaa zilikuwa za bluu iliyofifia. "Hapa damu inapita polepole kuliko ilivyotakiwa," akasema.

Na hapo ndipo kaka yangu aliposhika. Nilimwona. Muda wote alikuwa amekaa kama mwanafunzi wa nyuma darasani, lakini maneno hayo aliyajua.

"Maji yakipita polepole, bomba limeziba," akasema. "Mzibueni."

"Hapana, fundi. Haijaziba. Sehemu hizo zimeumia, na sababu za damu kupungua huko bado zinachunguzwa duniani kote. Lakini si uchafu kwenye bomba. Hakuna cha kuzibua."

"Daktari, wewe mwenyewe umesema mshipa uko katikati ya kila doa."

"Mshipa ni mlango walioingilia. Ukivunja mlango, hujamtoa aliyeko ndani."

Akasema ipo dawa ya drip ya kuwatuliza hao walinzi. Ingepunguza mashambulizi mapya. Wifi akauliza swali lake moja tu.

"Na hii mikono?"

Daktari alivua miwani. "Baadhi ya neva zimekaa uchi muda mrefu. Siwezi kukuahidi."

"Ningekuja kwako mwanzo?"

Daktari alichelewa kujibu, na kuchelewa kwake ndiko tulikoondoka nako. "Nikisema isingesaidia," akasema mwishowe, "nitakuwa nakudanganya."

Mfa maji haachi kutapatapa. Kaka alikuwa anatengeneza bomba la maji moto kwenye nyumba ya mteja mmoja, akamsimulia habari za mkewe, na mteja akamwambia kuna kliniki inayowatibu watu wa namna hiyo. Wanapitisha mrija kwenye mshipa wa shingo, wanapuliza kibofu kidogo, mshipa unatanuka, damu inashuka, mtu anainuka. Kaka alirudi nyumbani anakimbia, mtu mzima yule, na mifuko ya zana inamgongagonga mapajani.

Nilipinga. Nikampigia daktari, na daktari akasema wazi: tiba hiyo ilishapimwa kwa haki. Wagonjwa wengine walitanuliwa mishipa kweli, wengine wakafanyiwa kama maigizo bila wao kujua, na baadaye hapakuwa na tofauti kati yao. Nikayapeleka maneno hayo nyumbani jinsi yalivyo. Kaka akasema madaktari wanatetea dawa zao. Nikadhani wifi yuko upande wangu.

"Wifi," akaniambia, "yule mama daktari hakuahidi. Hawa wanaahidi."

"Ahadi si dawa."

"Wewe una miguu. Usinichagulie matumaini."

Nikafunga mdomo, mimi mwenye ulimi. Wakaenda, mshipa ukatanuliwa. Tabibu wa kliniki alimwambia baada ya hapo hatahitaji drip, na zile dawa zingeharibu kazi aliyoifanya. Basi ile drip haikuanzwa.

Aliporudi, alitembea. Siwezi kukuficha, nilimwona kwa macho yangu. Alitoka chumbani hadi getini bila kushika ukuta, kaka anamfuata nyuma na mikono imetandazwa kama anayemfuata mtoto. Mama alilia. Muuza gesi alipita akasimama akapiga makofi. Wifi alinipa bangili zake nimshikie, akachukua kitana, akanichana mimi, na vidole vilitetemeka lakini vilishika. Nilianza kujiuliza kama kweli daktari alijua anachosema. Ugonjwa ule, tangu mwanzo, ulikuwa na tabia ya kumwachia.

Haukupita muda. Aliamka asubuhi akamwita kaka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji. "Mume wangu, niangalizie miguu yangu iko wapi." Kaka akadhani ni utani, akafunua shuka, akasema, "Si hii hapa." Akaishika. Akaikunja. Wifi alikuwa anatazama dari, anasubiri aambiwe kama kaka ameshaanza kumshika.

Tangu kifuani kwenda chini hakukuwa na kitu. Hospitali kubwa wakampiga tena picha, safari hii na uti wa mgongo. Mguu haukuruka, hakuna mtu aliyehitaji kuulalia. Madoa mapya yalikuwepo, na mengi kati ya yale ya ubongoni yalikuwa na mstari wake mweusi. Daktari hakutulaumu. Kaka alikuwa anatamani alaumiwe. Alimfuata koridoni akasema, "Niambie ni mimi." Daktari akamwambia, "Fundi, nenda ukakae na mkeo," akaingia wodini kwa mgonjwa mwingine.

Nyumbani wakanunua kiti cha magurudumu. Kaka akang'oa mlango wa bafu na kuupanua, akashusha sinki, akapitisha bomba upya, akafanya kazi ya wiki nzima bila kula sawasawa, na ilipokwisha akakaa kwenye ukingo wa beseni hana la kutengeneza. Wifi alimwita. Mimi nilikuwa naanua nguo dirishani, nikawasikia.

"Niache," alimwambia. "Bado una nguvu. Oa. Sitakuwa na kinyongo, naapa."

"Acha upuuzi."

"Si upuuzi. Unanigeuza usiku kama gunia. Mimi nakusikia unavyopumua, umechoka."

"Nimechoka," kaka akasema. "Nani amekuambia sijachoka? Nimechoka mpaka basi. Lakini kuchoka ni kuchoka tu."

Wifi akaanza kulia, kilio cha hasira, anapiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mmoja unaosikia. Kaka hakumnyamazisha. Alikaa sakafuni mbele yake mpaka alipomaliza, kisha akamfuta pua.

Drip ikaanza. Anapelekwa hospitali, analazwa kwenye kiti cha kuegemea pamoja na wagonjwa wengine, sindano inatiwa, saa zinakwenda. Wapo wengine pale wanaotembea, wasichana wadogo waliogunduliwa mapema, wanaingia na simu zao na vitabu vyao na kutoka kwa miguu yao. Wifi huwatazama hadi mlango ujifunge. Mmoja wao aliwahi kumwamkia, akamuuliza ameugua muda gani. Wifi akamtajia. Msichana akahesabu kichwani, akaelewa, akainamia simu yake.

Mara ya mwisho alipigwa picha tena. Daktari aliifungua, akapita doa kwa doa, na uso wake ukafunguka.

"Hakuna jipya hata moja," akasema. "Yametulia."

Kaka alijishika kichwa kwa mikono miwili, akashukuru, akamshukuru daktari, akamshukuru hata mpiga picha aliyekuwa anapita mlangoni. Wifi alikuwa bado anaitazama kompyuta.

"Na haya ya zamani?"

"Hayo yapo, mama. Hayaondoki."

"Sawa."

Tulipotoka jua lilikuwa kali, na jicho lake likaanza kuingia ukungu kabla hatujafika kwenye gari. Kaka akambeba, mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, mimi nikakunja kiti. Alipomkalisha, mguu ulibaki nje, na kaka hakuuona, akashika mlango kuufunga.

"Ngoja!" nikapiga kelele.

Wifi akashtuka, akageuka huku na huku. "Nini? Kuna nini?"

Kaka alikuwa amekwisha kuuona. Akainama, akauinua mguu kwa mikono miwili, akauingiza ndani, akautuliza sawa karibu na mwenzake.

"Hakuna kitu," akamwambia. "Twende."